Filimbi Kifuani mwa Mama

Bi Sindano hakuitwa hivyo kwa ajili ya sindano peke yake, ingawa anayo, ndefu kupita kiganja, na akiwa hana kazi nayo huichomeka kwenye kilemba. Aliitwa hivyo kwa ajili ya mdomo. Mteja akileta godoro lililobonyea katikati, akauliza limepatwa na nini, huambiwa kwamba godoro halipatwi na kitu, linalaliwa tu. Kama hataki libonyee, basi na alale amesimama kama punda. Mteja hucheka, hulipa, na mwakani hurudi na godoro lile lile.

Kazi yake ni magodoro na mito ya sufi. Chumba cha mbele ndicho karakana: sakafu ya saruji, benchi moja fupi, magunia ya sufi yamepangwa mpaka yanagusa dari. Chumba cha nyuma ndiko anakolala. Kati ya vyumba hivyo hakuna mlango, kuna pazia. Apitaye barabarani humsikia kabla hajamwona: fimbo mbili zinaicharaza sufi, moja inapanda nyingine inashuka, na yeye katikati ya wingu, kitambaa kimeziba pua, nyusi zimekuwa nyeupe kama za mtu aliyezeeka asubuhi hiyo hiyo.

Wingu hilo halikuwahi kumtoa hata chafya. Ng'ambo ya barabara lipo duka la magodoro ya sponji, na mwenye duka, mwanamume mnene aliyefiwa na mke, mpenda utani, huitwa Mzee Sponji. Yeye humwita Bi Sindano Mama Vumbi. Bi Sindano humwita muuza mapovu. Mzee Sponji akisema sufi ni ya mabibi waliokwisha kufa, hujibiwa kwamba anayelala juu ya mapovu huota anafua nguo usiku kucha. Mchezo huo wameucheza miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyeuchoka.

Kazi aliirithi kwa mama yake, pamoja na fimbo na sindano yenyewe. Mama alikuwa mwembamba, mchache wa maneno, na vidole vyake vidogo vya mwisho, mikono yote miwili, vilipinda kwa ndani kama vinamnong'oneza jirani. Na kifuani alikuwa na filimbi. Si kikohozi, filimbi. Akivuta pumzi hakuna neno. Akiitoa inalia, nyembamba, ndefu, kama birika linalochemka kwa jirani wa tatu. Siku ya kupiga sufi nyingi ilipanda. Siku ya mvua ilishuka, lakini haikuondoka kabisa. Nyumbani hawakuiita ugonjwa. Mama mwenyewe alisema ni baridi iliyomwingia angali msichana, ikaona pazuri, ikakaa. Nani angembishia? Mwenye kifua ni yeye.

Watoto wengine hubembelezwa kwa nyimbo. Bi Sindano alibembelezwa kwa filimbi ile, kitanda kimoja, mgongo kwa mgongo. Akiisikia alijua mlango umefungwa, mama yupo, na hakuna baya litakalopita juu yake. Hata alipokuwa binti wa shule, akirudi mchana hakuvua viatu kabla hajasimama kwanza kwenye pazia, akasikiliza. Ikilia, anavua.

Siku mama alipoondoka, kilichomwamsha ni ukimya. Jua lilikuwa limekwisha kuingia dirishani, na haikuwa desturi ya mama kuacha jua limtangulie. Binti akanyoosha mkono, akaugusa ule mgongo. Hapo maneno mengi ya nini. Waliokuja kuzika walisema ni kifua, wakasema ni baridi, wakasema ni Mungu, wakala, wakaenda zao.

Godoro la mama alilifumua kwa mkono wake. Sufi nyingine aligawa. Ile iliyokuwa chini ya kichwa aliitia kwenye mto mmoja wa kitambaa cha mistari ya buluu. Mama alikuwa na msemo wake kazini, kwamba sufi haizeeki, inachoka tu, na ukiipiga inaamka. Basi kila kiangazi Bi Sindano aliufumua mto ule, akaianika sufi juani, akaipiga, ikaamka, akaushona mto tena. Kwa fundi wa sufi hiyo ndiyo namna ya kumkumbuka mtu.

Maisha hayakumngoja. Aliolewa, akazaa mtoto mmoja wa kiume, kisha mume akaondoka na muuza mitumba. Bi Sindano alisema hana kinyongo na mwanamke yule, maana mtu akikutua mzigo unamshukuru. Mwana alikulia ndani ya wingu la sufi, akala humo, akasoma humo, hakuwahi kukohoa. Leo ni kinyozi katika mji mwingine, na mkewe ni keshia wa duka la vifaa vya ujenzi. Mke huyo ni mwanamke nadhifu, mwenye heshima ya kumtosha mkwe na ziada ikabaki, na heshima hiyo ndiyo iliyomuudhi Bi Sindano, kwa kuwa huwezi kugombana na mtu anayekuitikia abee.

Jambo moja hakumwambia yeyote. Sura ya mama ilikuwa imefifia, hilo alilizoea, sura za wafu hufifia kama kitambaa cha mto. Lakini filimbi aliitamani. Kuna nyakati aliliacha birika lichemke jikoni, akaketi karibu, akafumba macho, mpaka maji yakakauka na harufu ya bati kuungua ikamrudisha duniani. Alikuwa ameunguza mabirika kadhaa kwa njia hiyo. Jirani walidhani ni usahaulifu.

Kinyozi na keshia walizaa binti. Huyo ndiye Chiriku, na aliyempa jina hilo hakukosea. Akila anasema, akioga anasema, akilala anasema mpaka neno linakatikia njiani. Likizo zote alikuja kwa bibi yake. Bi Sindano alimwita mke mwenzangu, akamfundisha kutunga uzi, akamlaza kwenye mto wa mistari ya buluu, ule wa bibi mkubwa, mto ambao hakuwahi kumpa mtu mwingine aulalie. Mapenzi yake makubwa ndiyo hayo, hakuwa na mengine ya kutoa.

Kila akija, siku hazikupita nyingi mtoto akaanza kupiga chafya, macho yakamvimba, kikohozi kikaingia. Bi Sindano alilaumu maji ya kuogea, akampa chai ya tangawizi. Mkwe aliwahi kusema kwa upole kwamba mtoto akitoka kwa bibi hurudi na kikohozi. Bi Sindano akamjibu kwamba akitoka kwa mama yake huja amekonda, basi wameshalipana.

Likizo ya mwisho kabla ya mambo kuharibika, ilikuwa mchana wa joto, baada ya chakula. Chiriku alikuwa amelala nyuma ya pazia. Bi Sindano alikuwa kwenye benchi anaziba midomo ya mito, shibe imemkalia, macho mazito. Ndipo ilipolia.

Nyembamba. Ndefu. Kutoka nyuma ya pazia.

Mtu mwingine angeruka. Yeye hakushtuka, na hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Alitulia. Mabega yakamshuka, mkono ukaendelea kushona, mishono ikawa mirefu na ya raha, na uso wake ukawa uso wa binti aliyerudi shule akakuta mama yupo. Hakuwaza neno. Hakujiuliza ni nani. Kitu alichokitafuta kwenye mabirika kilikuwa kimekuja chenyewe, nyumbani, mahali pake, na moyo wake ulikipokea kama anayepokea mgeni usiku wa mvua. Alikaa hivyo kwa muda gani, hajawahi kutaka kujua.

Kilichomkatiza ni Mzee Sponji, aliyepaza sauti kutoka ng'ambo akiuliza redio ya humo ndani leo imeishiwa betri, mbona Chiriku hasikiki.

Sindano ikamtoka mkononi.

Mtoto alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya magoti, mabega yanapanda yanashuka, shimo la koo linadidimia kila anapovuta. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Alimtazama bibi yake asiweze kusema. Chiriku, bila neno hata moja. Bi Sindano akaunyakua mto wa mistari, akamwegemeza nao vizuri, maana ndio alioujua kuwa wa kufariji, na filimbi ikazidi. Mzee Sponji aliingia bila hodi, akambeba mtoto, akampakia kwenye pikapu yake ya kupelekea mizigo, juu ya magodoro ya sponji, na Bi Sindano akapanda nyuma akimshikilia, kilemba kimefunguka, hakujali.

Hospitali walimvutisha dawa ya mvuke. Jua lilipoanza kulegea, Chiriku alikuwa anamuuliza mhudumu kwa nini viatu vyake vinalia.

Kinyozi na mkewe walifika jioni ile ile. Tabibu aliwauliza wote kwa pamoja kama kuna mwenye pumu katika ukoo. Keshia alitazama kucha zake. Kinyozi alimtazama mama yake.

"Kwetu hakuna," Bi Sindano akasema, upesi, kama anayefunga dirisha.

Angetaja filimbi ya mama, angelazimika kutaja na mchana ule, namna alivyoisikia akaendelea kushona. Basi tabibu akaandika ni maambukizi ya kifua, akatoa dawa ya maji ya kikohozi, akawaruhusu. Mkwe alifunga mzigo wa mtoto, akapiga goti kidogo kuaga, akasema kwa sauti yake ile ya adabu, "Mama, acha apumzike kwetu kwanza."

Hiyo "kwanza" ilikuwa na miguu mirefu. Likizo ilikuja ikapita, ikaja nyingine ikapita. Bi Sindano alimwambia kila aliyepita kwamba mkwe amemnyang'anya mjukuu. Ndani, peke yake, hakusema hivyo. Alikaa kwenye benchi, sikio moja limeelekea pazia kwa mazoea, na nyuma ya pazia hakukuwa na gumzo wala filimbi. Zamani alikuwa anamkosa mtu mmoja aliyekwisha kufa, na kumkosa mfu hakuna haraka, hana pa kwenda. Sasa anamkosa aliye hai, anayeng'oka meno na kuota mengine bila yeye kuona. Mto ulikuwa umeshika harufu ya nywele za mtoto. Aliuinamia, akavuta pumzi, mama na mjukuu wakaja pamoja, na kifua chake chenyewe kikabaki safi kama cha ngamia. Hata hilo lilimuudhi.

Kwenye simu Chiriku alisema kama kawaida, lakini sasa aliweka vituo mahali pasipo na vituo, akavuta pumzi, akaendelea. Alieleza kwamba mwalimu amemkataza kuruka kamba. Alieleza kwamba wamempa dawa ya maji tena, ya rangi nyingine, chungu zaidi. Kisha baba yake alichukua simu akasema safari hii wamepata muuguzi wa kliniki ya kifua, mama mmoja makini, na watamwona keshokutwa.

"Naye kwa simu aliuliza habari za ukoo," kinyozi akasema. "Nikamwambia kwetu hakuna. Si ndivyo, mama?"

Bi Sindano alisema mtandao unakatika, akakata simu.

Asubuhi alivuka barabara, jambo ambalo hulifanya kwa nadra, akasimama katikati ya magodoro ya mapovu akamsimulia Mzee Sponji yote, filimbi ya mama, ya mtoto, na mishono mirefu. Alisimulia akitazama dari. Hakuja kuomba shauri. Alitaka kuona kama maneno hayo yanatoka mdomoni bila kumuua.

Mzee Sponji hakutania. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Na haya si hata maradhi yako, Mama Vumbi. Unamfichia mtoto wa watu."

"Wakijua hawatamleta tena."

"Kwani sasa wanamleta?"

Alisafiri siku iliyofuata, hakumwarifu mtu, akawakuta kwenye chumba cha kliniki, wanne wakiwa wamebanana: kinyozi, keshia, muuguzi wa kifua mwenye miwani ya kamba, na Chiriku katikati, anapuliza kwa nguvu kwenye bomba la kupima pumzi. Mtoto alilitupa bomba, akamrukia. Bi Sindano alimshika, akamweka kando, kwa sababu angeendelea kumshika asingesema.

"Niliwadanganya," alisema, kabla hajaketi. "Kwetu ipo. Mama yangu alikuwa na filimbi kifuani mpaka anakufa. Na siku ile niliisikia kwa mtoto, nikaendelea kushona."

Kinyozi aliuliza filimbi gani, hajawahi kuisikia habari hiyo. Wote walimtazama keshia, kwa sababu yeye ndiye mwenye haki ya kuanza kulaumu.

Keshia hakupaza sauti. Alifungua kifungo cha mkono wa blauzi, akaikunja mpaka juu ya kiwiko, akageuza mkono. Mkunjoni ngozi ilikuwa nyeusi, nene, imekwaruzwa. "Na mimi sikusema," alisema. Mama yake mzazi alijikuna hivyo mpaka damu. Kaka yake hupiga chafya kila msimu ukigeuka, mpaka wakamwita Baruti. Nyumbani kwao walisema ni sabuni, ni vumbi la maua, ni mkosi, kila kitu isipokuwa ukoo. Alinyamaza kwa sababu aliogopa mama mkwe atasema yeye ndiye aliyeleta ugonjwa nyumbani.

"Ningesema," Bi Sindano akakiri.

"Najua, mama. Ndiyo maana nilinyamaza."

Muuguzi wa kifua alicheka, akavuta kiti, akawaambia wakae, kwa kuwa sasa ndipo wamempa kitu cha kufanyia kazi. Alieleza taratibu. Ngozi ya kuwasha, chafya za msimu na pumu, alisema, ni mtu na binamu zake. Ukimwona mmoja katika ukoo, ulizia wengine. Mtoto harithi pumu kama anavyorithi shamba au kabati. Anachorithi ni wepesi wa kifua kushtuka. Wepesi huo uko katika vinasaba, yale maelekezo madogo madogo ya mwili anayopewa mtu na baba na mama, na hauko mahali pamoja. Upo huku chembe, kule chembe, na watu wametofautiana. Chembe moja peke yake haimlazi mtu kitandani. Bi Sindano huenda amezibeba chache maisha yake yote asijue, kama mpagazi asiyefungua mzigo, na akampa mwanawe naye asijue. Keshia akaleta za kwao. Kwa Chiriku zikakutana.

"Za nani ni nyingi?" Bi Sindano aliuliza, na kinyozi akaziba uso kwa aibu.

Muuguzi alisema hakuna ajuaye, na hata angejua asingemwambia yeye. Tena, kukutana huko hakutoshi. Kifua chepesi kinahitaji cha kukishtua: moshi, mafua, baridi, vumbi, na vile vijidudu visivyoonekana vinavyoishi kwenye vitanda vikuukuu, ambavyo mtu kama Bi Sindano anaweza kuvivuta maisha yake yote asihisi kitu. Kisha akauliza, kule kwa bibi mtoto hulala juu ya nini?

"Sufi," Bi Sindano alisema.

Sufi ya lini, akaulizwa.

"Ya mama yangu. Ndiyo aliyofia juu yake."

Chiriku, aliyekuwa amelirudia bomba lake, ndiye aliyeeleza, kwa fahari, kwamba mto huo ni wa bibi mkubwa, na huanikwa juani, na ukipigwa unaamka. Muuguzi alisema kwa upole kwamba ndiyo, unaamka, na vyote vilivyomo vinaamka nao.

Bi Sindano alimtazama mtoto ili asimtazame mtu mwingine. Chiriku alikuwa amelishika bomba kwa mikono miwili, karibu na mdomo, tayari kupuliza. Vidole vyake vya mwisho vilikuwa vimepinda kwa ndani. Vyote viwili, vinawanong'oneza majirani zao.

Likizo zote zile, uzi na sindano mikononi mwa mtoto, na hakuona. Sikio lilikuwa limemnyima macho.

"Na vidole," aliuliza, sauti imemshuka, "vinakuja kwa njia hiyo hiyo?"

"Njia hiyo hiyo, mama," muuguzi akasema. "Hata hivyo vinaweza kumruka mtu vikatokea kwa mjukuu."

Walitoka na dawa mbili za kuvuta, ya kila siku na ya dharura, na Chiriku akafundishwa namna ya kuzivuta, akaanza papo hapo kumfundisha baba yake. Muuguzi alisema nyumba ya bibi si marufuku. Kitanda ndicho kibaya, na kazi ya vumbi isifanyiwe chini ya paa alipolala mtoto. Vikirekebishwa hivyo, dawa ikatumika, mtoto anaweza kwenda. Bi Sindano aligeuka kwa mkwe wake. Alikuwa amejiandaa kuomba, na kuomba si kazi aliyosomea.

Keshia alikuwa anafunga kifungo cha blauzi. "Likizo ijayo," alisema. "Lakini nitakuja kukagua mwenyewe."

"Njoo na miwani."

"Nitakuja na kitambaa cheupe, mama, nipanguse juu ya kabati."

Bi Sindano alimtazama upya, kama mtu aliyegundua kwamba jirani anayekaa kimya kumbe anajua kucheza karata.

Siku alipovuka barabara kununua godoro la sponji, habari zilimtangulia. Mzee Sponji alijiandaa, alikuwa amevaa shati safi. Bi Sindano alibonyeza godoro moja, akabonyeza jingine, akasema yote ni maji ya sabuni yaliyoganda, akachagua lililo gumu, na mto wake. Mzee Sponji aliuliza kama amfungie au atalilalia hapo hapo. Kisha, akijifanya anatafuta kamba, akasema kibanda chake cha nyuma ya duka kiko wazi pande mbili na hakina kazi. Sufi ikipigiwa huko, upepo utaichukua upande wa uwanja, mbali na nyumba ya mtu. Bi Sindano alisema atafikiri. Alikuwa ameshafikiri.

Alihamisha magunia yote. Alipangusa kuta kwa kitambaa chenye maji, akaosha pazia, akaosha hata dari. Wateja walipita wakamkuta amekaa ndani ya chumba kitupu, kinachong'aa, wakamuuliza amefilisika? Aliwajibu kwamba ameolewa na msafi.

Mto aliuacha mwisho. Aliufumua kwenye kibanda cha Mzee Sponji, mshono kwa mshono. Kitambaa cha mistari ya buluu alikichemsha, akakifua, akakianika, akakishona kuwa foronya ya ule mto wa sponji. Sufi hakuichoma wala hakuitupa. Aliitia kwenye gunia dogo, akalifunga mdomo, akalipandisha kwenye rafu ya juu kabisa ya kibanda. Siku nyingine, kazi ikiisha, hupanda kiti, akalifungua, akaingiza uso. Mzee Sponji akimwona hugeuka, akaanza kupanga magodoro yaliyokwisha kupangwa.

Likizo ilifika, na keshia akafika nayo, na kitambaa cheupe. Alipangusa juu ya kabati, juu ya mlango, chini ya kitanda. Kitambaa kilibaki cheupe. Alikikunja, akaweka dawa ya dharura mezani, akamwonyesha mkwe wake mahali ilipo, akamwonyesha tena. Bi Sindano aliitikia abee, na wote wawili wakacheka, na jua likiwa bado juu keshia akaondoka.

Chiriku alisema mpaka chakula kikapoa. Alisema kuhusu meno mapya, na msichana anayeruka kamba vibaya kuliko yeye, na kwamba mto huu unarusharusha kichwa. Alilala katikati ya neno, kama zamani.

Bi Sindano alirudi kwenye benchi la chumba cha mbele na kushona kwake. Mishono michache tu, mkono ukasimama. Sikio lake lilikuwa limekwenda nyuma ya pazia, na nyuma ya pazia hakukuwa na sauti. Hakuna gumzo. Hakuna filimbi. Ukimya ule ule wa asubuhi ile ya mama, na jua lile lile dirishani.

Alifika kitandani asijue amefikaje. Akanyoosha mkono, akaugusa mgongo wa mtoto. Ulikuwa na joto. Ukapanda, ukashuka, ukapanda. Hewa iliingia na kutoka bila kugonga popote.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, kiganja kikiwa pale pale. Aliitamani filimbi. Mungu anajua jinsi alivyoitamani, hata mara moja tu, kwa mbali, kama kwa jirani wa tatu. Na hapo hapo aliomba kwa moyo wote isilie. Chiriku alijigeuza, mkono wake ukaangukia juu ya foronya ya mistari, vidole vimekunjuka, cha mwisho kimeinama kwa mwenzake.

Bi Sindano alikichukua kile kidole, akakishika.

"Bibi," mtoto akasema, macho yamefumba, "mbona hushoni?"

"Lala, mke mwenzangu," akamjibu. "Leo sina haraka."